Onyesha njia: kwa nini kwangu mimi Euler ndo mwanahisabati namba moja

Haya niliyaongea tarehe 14 Machi, siku ya hisabati duniani, mbele ya wanafunzi wa sekondari, waalimu na wazazi wachache waliokuja. Watu kadhaa wameniomba maandishi yake, basi nimekaa nimeyaandika karibu yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Wazee wangu shikamooni. Waalimu wenzangu poleni na kazi. Na nyie wanangu, mambo? Haya, mliosimama mlangoni sogeeni ndani, mabenchi yapo huku mbele, mkibaki hapo jua litawamaliza.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha tatu, yupo hapa ila simtaji asije akaona aibu, alinifata baada ya kipindi akaniuliza, mwalimu, hivi mwanahisabati mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi ni nani? Nikamjibu harakaharaka, wako wengi mwanangu, nenda kawahi chakula. Aisee usiku ule lile swali lilinirudia kichwani mpaka nikawasha taa. Mtoto kaniuliza swali la maana nami nikamtoa nje kwa jibu la kumridhisha tu. Leo nataka nimjibu vizuri, na nyote msikie.

Ukiwauliza watu wa fani hii utaambiwa majina yaleyale matatu, Archimedes, Newton, Gauss, kama vile kwenye mpira utaambiwa Pelé, Maradona, Messi na watu watabishana mpaka chai inapoa. Sipingi hata mmoja, wote watatu ni majitu. Ila mimi ni mwalimu, nimesahihisha madaftari miaka mingi, na kipimo changu ni kalamu nyekundu. Mnajua nyote sheria ya hii kalamu, swali la maksi kumi, jibu peke yake unapata moja au mbili, zilizobaki zote ni za njia. Tangu mkiwa darasa la tatu mnaambiwa onyesha njia, onyesha njia. Kwa nini? Sababu jibu ni la kwako peke yako lakini njia ni ya kila mtu, nikiiona njia yako nami naweza kupita nikafika, pengine nikapita mbele zaidi yako. Sasa nilichofanya, nimewachukua hawa wakubwa wa historia nikawasahihisha kwa kalamu hiyohiyo.

Na hili kwangu sio jambo la nadharia. Nilipokua mwanafunzi nilikua na mwalimu mmoja wa hesabu, alikua anaingia, anaandika swali, anaandika jibu, anasema hii rahisi, anafuta ubao. Miaka miwili nikaamini nina kichwa kibovu. Kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili niliikariri kama shairi, hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili, nikafaulu nayo mtihani kabisa, na sikujua imetoka wapi. Nilikuja kujua nikiwa chuoni, nikiangalia mchoro mmoja wa mtu aliyeishi Baghdad miaka zaidi ya 1,100 kabla yangu. Nililia jamani. Sio kwamba ulikua mgumu, nililia kwa sababu ulikua rahisi kiasi kile na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha.

Mtu huyo ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, na tumsimamie kidogo maana watoto wengi wanalijua jina la aljebra hawamjui mwenyewe. Karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, alikua akifanya kazi kwenye Nyumba ya Hekima pale Baghdad. Karibu mwaka 820 akaandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, na humohumo kwenye al-jabr ndo dunia nzima ikapata neno aljebra, na kwenye jina lake yeye likatoka neno algoriti ambalo leo kila mwenye simu analisikia. Utangulizi wake unasema wazi kitabu ni cha nini, ni cha mambo ambayo watu wanayahitaji kila siku, mirathi, wasia, kugawana, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Na kweli sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi. Wazee wangu mnaojua fungu la mke ni thumuni kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha, mnaelewa hesabu hizo zinavyoweza kukaba koo, thuluthi hapa, sudusi pale, na deni la marehemu na wasia juu yake. Al-Khwarizmi alikaa akawaandikia watu wenye shida hiyo.

Ngoja nichore ule mchoro wenyewe. Swali lake maarufu ni hili, kuna namba, ukiizidisha kwa yenyewe halafu ukajumlisha mara kumi yake unapata 39. Ni namba gani? Yeye hakutumia x, aliandika kwa maneno matupu. Sasa tazama ubaoni. Huu ni mraba, upande wake hatuujui. Ile mara kumi tuigawe nusu kwa nusu, tano na tano, nabandika mstatili wa upana wa 5 huku kulia na mwingine wa upana wa 5 huku chini. Mpaka hapa eneo lote ni 39, sindio? Lakini tazameni hii kona, imebaki wazi, kama mkeka uliokatwa pembe. Ukubwa wa hiyo kona ni 5 kwa 5, yaani 25. Tuijaze. 39 na 25 ni 64. Sasa tuna mraba mzima wa 64, upande wake ni 8. Toa ile 5 tuliyobandika, inabaki 3. Jaribuni, 3 mara 3 ni 9, na mara kumi yake 30, jumla 39. Imeisha.

(Hapa darasa lilipiga kelele, na mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, kumbe ndo hivyo tu! Ndo hivyo tu mzee wangu.)

Ile kanuni ndefu mnayoikariri ni hii kona iliyojazwa, basi, hakuna kingine ndani yake. Kwa mchoro huu mmoja al-Khwarizmi kwangu anakaa juu sana, juu ya wengi wenye akili kali kumpita.

Sasa Archimedes. Huyu wa Syracuse, kisiwa cha Sicily, aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi walipouteka mji. Alizungusha poligoni ya pande 96 ndani na nje ya duara akaibana pai katikati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7, kwa mkono, bila sifuri, bila desimali. Alionyesha kuwa tufe, yaani umbo la mpira, likikaa ndani ya mcheduara, yaani umbo la kopo, unaolibana sawasawa, ujazo wa tufe ni theluthi mbili za ule mcheduara, na jambo hilo alilipenda kiasi kwamba alitaka umbo lake liwekwe kwenye kaburi lake. Lakini kwa karne nyingi watu waliosoma vitabu vyake walikua na dukuduku moja, uthibitisho wake ni safi kabisa ila unaanza ukiwa tayari unalijua jibu. Sasa jibu alilijuaje? Wako waliosema alificha makusudi. Nami kama ningesahihisha miaka ile ningemkata maksi.

Ila sikilizeni kilichotokea. Mwaka 1906 msomi wa Denmark, Heiberg, alikua Constantinople, Istanbul ya leo, akaonyeshwa kitabu cha sala cha karne ya 13. Zamani ngozi ya kuandikia ilikua ghali, basi walichukua kitabu cha zamani wakakikwangua wino, wakaandika sala juu yake. Heiberg akatazama chini ya zile sala, akaona Kigiriki kilichofifia, akakisoma, ni Archimedes! Na ndani yake mna barua ambayo kwa mamia ya miaka hakuna msomi aliyekua ameiona, barua aliyomwandikia Eratosthenes, huyu ni Mgiriki mzaliwa wa Afrika ya kaskazini, mji wa Kyrene ambao leo uko Libya, aliyekua mkuu wa maktaba ya Alexandria. Humo Archimedes anamweleza kila kitu, kwamba nilikua nalikata umbo vipande vyembamba vyembamba kichwani, nakining'iniza kila kipande kwenye mizani ya kufikirika, naangalia kinalingana na nini, hapo ndo napata fununu ya jibu, baadaye ndo nalithibitisha. Halafu anasema anaiandika njia hii kwa sababu anaamini wapo watu, wa zama zake au watakaokuja, ambao kwa njia hiyo watagundua mambo ambayo yeye hajayafikia. Karibu miaka 700 maksi zake za njia zilikua chini ya sala. Nimemrudishia zote.

Wakati naongea haya mama mmoja mzazi alinyoosha mkono akauliza, na sisi huku mwalimu, hatumo? Nikamjibu tumo mama, na mapema kuliko wote hawa. Pale Ishango, Congo, ukingoni mwa ziwa Edward mto Semliki unapotokea, mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye umri wa kama miaka 20,000, umechanjwa mistari kwa makundi kwenye safu tatu. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Safu nyingine nayo jumla 60, ya tatu 48. Kuna wanaosema ni kalenda ya mwezi, kuna wanaosema ni hesabu, kuna wanaosema ni mikwaruzo ya kushikia tu mkono usiteleze. Mimi kama Mwafrika natamani sana kuwaambia yule mtu alijua namba tasa, lakini siwezi kuwadanganya watoto, ametuachia alama hakutuachia maelezo. Mfupa wenyewe uko Brussels mpaka leo, nalo hilo linaniuma.

Tuje kwenye waliofunga milango. Italia, miaka ya 1500, kwenye vyuo vikuu mtu alikua anaweza kukuita hadharani kwenye pambano la hesabu, ukishindwa mbele za watu heshima na hata kazi inaondoka. Kwahiyo ukigundua kitu unakificha kama silaha chini ya godoro. Scipione del Ferro wa Bologna alipata njia ya kutatua aina moja ya milinganyo ya kipeo cha tatu, kitu ambacho watu walikitafuta tangu enzi na enzi, na hakuichapisha. Alipokaribia kufa mwaka 1526 akawa amemwachia mwanafunzi wake Fior. Fior akaona sasa ana bunduki, mwaka 1535 akamwita uwanjani Tartaglia, mtu aliyelelewa kwenye umaskini, aliyepigwa upanga usoni akiwa mtoto askari wa Ufaransa walipovamia mji wao mpaka akawa na kigugumizi, na jina Tartaglia maana yake ni hiyohiyo kigugumizi. Kila mmoja akampa mwenzie maswali 30. Tartaglia akahangaika, siku chache kabla ya mwisho akaipata njia kwa akili yake mwenyewe, akayamaliza yote 30 ya Fior kwa muda mfupi, Fior hakufua dafu. Na unadhani Tartaglia akaitangaza? Naye akaificha! Mwaka 1539 daktari wa Milan, Cardano, akambembeleza mpaka akampa, tena akampa kwa shairi, na baada ya kumwapisha kwamba hataitoa. Baadaye Cardano akaenda Bologna akaona daftari la marehemu del Ferro, akasema aah, kumbe haikua ya Tartaglia peke yake, mwaka 1545 akaichapisha na wote wawili akawataja kwa majina. Tartaglia alikasirika mpaka kufa.

Kiapo ni kiapo, na Cardano alivunja chake, hilo sitalipamba. Ila tazama nini kilifata mlango ulipofunguka, kwenye kitabu hichohicho yumo Ferrari, kijana aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani kwa Cardano, ametatua kipeo cha nne, na mwaka 1572 Bombelli akatoa kitabu anachozifanyia hesabu namba zile zenye kipeuo cha hasi bila kuogopa. Silaha ilikaa chini ya godoro karibu miaka 30, haikuzaa kitu, ikatoka nje ikazaa mara moja.

Newton nampitia haraka maana hadithi yake ni ileile kwa ukubwa wa kutisha. Kati ya 1665 na 1666 tauni ilifunga chuo cha Cambridge, akarudi kijijini kwao Woolsthorpe, kijana wa miaka 23, akaijenga kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika. Akaiweka kabatini. Leibniz wa Ujerumani akaipata kwa njia yake mwenyewe akaichapisha 1684, na ugomvi uliozuka ulikua mbaya, Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ikaunda kamati ichunguze nani alitangulia, rais wa Royal Society akiwa Newton mwenyewe, na ripoti akaiandika yeye kwa siri. Waingereza wakasusia alama za Leibniz ambazo zilikua rahisi zaidi, wakabaki nyuma karibu miaka 100. Hizo d na ile S ndefu mnayoandika kidato cha tano leo ni za Leibniz.

Na Gauss. Hapa najua nitawaudhi waalimu wenzangu. Gauss ukiangalia nguvu za akili tu inawezekana hakuna aliyemfikia, sitabisha. Akiwa na miaka 18, mwaka 1796, alionyesha poligoni ya pande 17 inachoreka kwa rula na bikari peke yake, kitu ambacho Wagiriki hawakukifikia. Mwaka 1801 kisayari kidogo kiitwacho Ceres kilionekana wiki chache kikapotelea nyuma ya jua, wanaanga wote wakachanganyikiwa, Gauss akapiga hesabu akasema kitafuteni hapa, mwisho wa mwaka kikakutwa karibu palepale. Lakini muhuri wake ulikua na mti wenye matunda machache na maneno ya Kilatini yenye maana ya machache lakini yaliyoiva. Alikua anajenga nyumba halafu anaondoa jukwaa lote la kujengea ndo anawaita watu waione, wewe unashangaa ukuta huu aliupandaje. Aliandika kajarida kake cha siri, vipengele 146, kuanzia 1796 mpaka 1814, na kakaja kuonekana na watu wa fani mwishoni mwa miaka ya 1890, miaka zaidi ya 40 baada ya kufa kwake, wakakuta mambo ambayo wengine walitumia ujana wao mzima kuyagundua upya.

Mmoja wa hao ndo ananiumiza. János Bolyai, Mhungari, afisa wa jeshi, baba yake alisoma na Gauss na walikua marafiki. Kijana aligundua jometri mpya kabisa, ambayo kupitia nukta moja inapita mistari mingi isiyokutana na mstari uliopewa, kitu ambacho tangu Euclid, yule Mgiriki wa kale wa jometri, watu waliamini hakiwezekani. Ikatoka 1832 kama kiambatisho mwishoni mwa kitabu cha baba. Baba kwa furaha akamtumia rafiki yake Gauss. Majibu yakaja, kwamba siwezi kuisifu kazi hii maana kuisifu ni kujisifu mwenyewe, mawazo haya ninayo miaka mingi. Fikiria wewe ndo yule kijana. Na haikua uongo, kweli Gauss alikua nayo, alikua anaogopa makelele ya watu akikitangaza kitu cha ajabu namna ile. Lakini Bolyai hakuchapisha hisabati tena maisha yake yote. Nikifika hapa kalamu yangu inagoma kumpa Gauss namba moja, pamoja na mapenzi yote niliyonayo kwake. Sitaki nimwonee pia, mwaka 1807 alipogundua kwamba yule bwana LeBlanc wa Paris aliyekua anamwandikia barua ni mwanamke, Sophie Germain, alimjibu kwa heshima na furaha ambayo wasomi wengi wa zama zile wasingempa mwanamke.

Kuna mmoja ambaye hakuonyesha njia na simkati hata nusu maksi. Ramanujan, mtoto wa kusini mwa India, karani wa bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi. Karatasi ilikua ghali, alikua anafanya hesabu kwenye kibao cha chaki anafuta kwa kiwiko, jibu tu ndo analiingiza daftarini. Alikufa 1920 na miaka 32, na wanahisabati walihangaika miongo mingi kuzijenga upya zile njia zilizofutwa na kiwiko. Huo ulikua umaskini tu, ndo maana nyie mkikosa daftari njooni kwangu, msifute.

Na Emmy Noether jamani, natamani ningekua na siku nzima. Chuo cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1915, Hilbert, bingwa wa hisabati wa pale, anamtaka afundishe, baraza la chuo linakataa kwa sababu ni mwanamke, basi akawa anafundisha kwa tangazo lenye jina la Hilbert, bila mshahara. Mwaka 1918 akatoa nadharia ambayo wanafizikia wanaisimamia mpaka leo, kwamba kila ulinganifu wa sheria za asili umebeba kitu kisichopotea, sheria zisipobadilika leo na kesho basi nishati haipotei. Mawazo yake alikua anawagawia wanafunzi kama mama anayepakua, kitabu maarufu cha aljebra cha van der Waerden cha 1930 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mihadhara yake. Manazi walipomfukuza 1933 kwa kua Myahudi aliwakusanya wanafunzi nyumbani kwake wakaendelea na somo. Kwangu ni namba mbili, na siku nyingine naamka namuona ni wa kwanza.

Sasa huyu namba moja wangu. Leonhard Euler, tamkeni Oila, alizaliwa Basel, Uswisi, 1707. Alipokua kijana alimwomba Johann Bernoulli, bingwa wa zama zile, amfundishe. Bernoulli akasema sina nafasi, ila chukua vitabu vigumu usome mwenyewe, ukikwama njoo Jumamosi mchana. Euler akawa wiki nzima anapunguza maswali yasiwe mengi asimchoshe mzee. Nadhani mtu aliyefundishwa hivyo hasahau kukwama kunavyokua.

Kulikua na swali limewashinda watu Basel palepale. Chukua moja, jumlisha robo, jumlisha moja ya tisa, moja ya kumi na sita, moja ya ishirini na tano, endelea bila mwisho, jumla ni ngapi? Ukijumlisha vipande 100 unapata kama 1.635, ukijumlisha 1,000 unapata kama 1.644, inakwenda kwa kujikokota. Jakob Bernoulli, kaka yake Johann, alishindwa akaandika wazi kwamba atakayeipata atuambie, tutamshukuru sana. Akafa 1705 hajaipata. Mwaka 1735 Euler, akiwa St Petersburg na miaka 28, akatoa jibu, pai mara pai gawanya kwa sita. Pai! Duara limeingiaje humu? Na njia aliyoionyesha mara ya kwanza ilikua na tundu, aliichukua saini, ile ya trigonometri, akaifanya kama mlinganyo wa kawaida wenye majibu yasiyo na mwisho, wenzake wakahoji, na yeye mwenyewe alijua haijakaza. Hakuificha. Akaitoa na tundu lake, akaweka pembeni desimali alizokua amezikokotoa kabla, kuonyesha kwamba zinakubaliana, kisha akarudi tena miaka iliyofuata na uthibitisho mwingine mpaka mambo yakakaa. Johann Bernoulli aliposikia, alitamani kaka yake angekua hai.

Ndo alivyoandika maisha yake yote. Nilidhani hivi, nikajaribu hivi, hapa nikakosea, hapa nikaona. Ile f mnayoandika f ya x ni yake, e ni yake, i ni yake, alama ya kujumlisha Σ ni yake, na pai kuandikwa π aliifanya yeye izoeleke. Mtu anayetunga alama nzuri anamfikiria atakayesoma.

Mwaka 1755 kijana wa miaka 19 wa Turin, Lagrange, alimwandikia barua, ana njia mpya ya matatizo ambayo Euler mwenyewe alishayaandikia kitabu. Euler aliona njia ya mtoto ni bora kuliko yake. Akamsifu, halafu akazuia maandishi yake mwenyewe ya mambo hayo yasitoke, ili kijana achapishe kwanza na sifa iwe yake yote. Wekeni barua hii pembeni ya ile aliyoipata Bolyai.

Jicho la kulia liliharibika akiwa na miaka thelathini na kidogo, la kushoto likafuata, kufikia 1771 alikua kipofu. Hapo ndo kasi ikaongezeka. Mwaka 1775 alitoa karibu andiko moja kila wiki, kwa kuwasomea wasaidizi kutoka kichwani. Orodha ya kazi zake ina namba 866. Na kitabu chake cha aljebra kilichotoka kwa Kijerumani 1770, kuanzia namba ni nini mpaka milinganyo ya vipeo vya juu, alikisomesha kwa kijana aliyekua amejifunza ushonaji nguo, hajui hisabati ya maana. Kijana anaandika, Euler anaeleza gizani, mpaka kijana aelewe. Kilipoisha kitabu, yule mshonaji alikua anaweza aljebra. Mimi nimefundisha watu wenye macho mawili na ubao mkubwa na bado nimeshindwa wengine, kwahiyo naelewa uzito wa hilo. Tarehe 18 Septemba 1783 alikua amepiga hesabu za mzunguko wa sayari ya Uranus iliyokua imegunduliwa karibuni, akakaa na mjukuu wake, akafa jioni hiyo. Academy ya St Petersburg iliendelea kuchapisha maandishi aliyoyaacha kwa karibu miaka 50.

Binti yangu, hilo ndo jibu lako. Na nina kitu cha kukuongezea kwa kukuchelewesha mwezi mzima. Euler alipomaliza lile swali la Basel aliendelea, badala ya kipeo cha pili kule chini akaweka kipeo cha nne, moja, jumlisha moja ya kumi na sita, jumlisha moja ya themanini na moja, akapata pai kipeo cha nne gawanya kwa 90. Kwa kipeo cha sita, pai kipeo cha sita gawanya kwa 945. Nane, kumi, zote akazipata. Lakini kipeo cha tatu, moja, jumlisha moja ya nane, jumlisha moja ya ishirini na saba, jumlisha moja ya sitini na nne, hiyo ilimkatalia. Alijaribu miaka na miaka, na majaribio yake yote aliyaacha wazi yasomeke. Jumla inakaribia 1.2020569. Mwaka 1978 Mfaransa Roger Apéry, mzee wa miaka 61, alionyesha kwamba haiandikiki kama sehemu ya namba kamili, waliokua ukumbini hawakumwamini mpaka walipoenda kukagua. Zaidi ya hapo, kama ina uhusiano na pai au haina, hakuna anayejua mpaka leo mchana. Chaki hii hapa, njoo uiandike ubaoni tuianze vipande kumi vya kwanza.